Mstari Unaomtaja Mama Yako

Tanga, Jumanne

Hafidhi,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Mvua imekatika huku, magoti bado yananiuma.

Nimeusikia kwenye simu wimbo wa kufokafoka mtakaouimba wewe na mwenzako Isdory kwenye tamasha la Jumamosi, hapo Utende. Kunicheka kwamba nilihama Chole na vitabu kwapani ni haki yako, maana mjukuu ni mtani wa babu. Mama yako Arafa si mtani wako, nawe umeimba jinsi alivyoachwa. Jumapili atakwenda kwenye mwani wake na kuwakuta wenzake wakiuimba mstari huo. Nilipokupigia ulinijibu, "Tulia, babu. Utani tu."

Ufute. La sivyo nitakuja nipande jukwaani, kwani mtani hujibiwa hadharani. Likizo zote ulilala kwangu, ukikojoa kitandani mpaka darasa la sita.

Babu yako,
Mfaume