Yaya, Siku Ile Sikumwambia Ajenti Maneno Yako

Mpendwa yaya Wilondja, kaka yangu mkubwa,

Ni mwaka wa sita tangu uvuke ziwa na bibi yako na watoto wenu, na sijakuandikia hata mara moja. Mahali ulipo nilipajua mapema, wachuuzi wa mawese wanaokwenda Kigoma waliniambia. Nilikosa pa kuanzia.

Nakukumbuka hasa zile asubuhi za kushona nyavu hapa Baraka. Ulikaa mchangani, umeunasa wavu kwa kidole gumba cha mguu, mimi nakupitishia uzi. Nilitaka kwenda majini kama wewe, ukanikatalia. "We utaenda masomo," ulisema. "Nyumba hii inaomba mutu mumoja mwenye kusikia Kifaransa. Bila hivyo batakuwa banatusemea tu, na sisi tunaitikia." Ukawa unapeleka samaki wakavu misheni ili nipate kula. Nikasoma, nikawa karani na mkalimani kule Fizi, katika biro ya ajenti, Mzungu wa serikali.

Halafu ikaja sheria ya uvuvi. Kila mtumbwi uandikwe na mwenyewe apewe permi, karatasi ya ruhusa. Nyavu za matundu madogo zisionekane tena. Na mtu asikokote wavu kwenye mlango wa mto Mutambala. Watu walibishana wiki nzima. Alimasi, aliyekuwa na wavu mrefu kuliko wote, alisema hachukui karatasi ya kuingia katika ziwa alilozaliwa nalo. Wewe ulimjibu taratibu. "Alimasi, pale ku mulango ya mutoni tunaharibu kweli. Samaki ya kuhe banazalia pale. Baba alikuwa anatukataza, sisi tukajisahaulisha." Mwishowe mkakubaliana: permi mtachukua, mlango wa mto mtauacha, lakini serikali iwape msimu mmoja mtafute nyavu nyingine kabla ya kuziondoa hizi. Wakakuchagua wewe useme mbele ya ajenti.

Jambo moja hukulijua. Asubuhi ya mkutano, tukiteremka kutoka Fizi, ajenti alinigombeza njia nzima mbele ya askari. Alisema narefusha maneno ya watu, na kwamba makarani wako wengi. Nilifika Baraka nikiogopa kupoteza kazi.

Ulisimama, ukavua kofia. "Mwambie hivi," ukaniambia mimi, mdogo wako. "Ile ya mto tunaikubali, na permi tunaikubali. Lakini wavu ndiyo shamba yetu. Atuachie musimu mumoja tu. Mutu akiamuka bila wavu, batoto banakula nini?"

Ajenti akatazama saa yake. Akaniuliza kwa Kifaransa: wanakubali au hawakubali?

Nikasema: wanakubali.

Akacheka kwa furaha, akakushika mkono mbele ya watu wote, na permi ya kwanza akakupa wewe. Ulinigeukia. "Umemwambia yote?"

"Yote, yaya."

Mimi na ajenti tulipanda gari kurudi Fizi. Askari wakabaki, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Tulipofika kule juu kwenye kona niliona moshi ufukweni, nikajua ni nyavu. Ajenti hakugeuka. Na mimi nikatazama mbele.

Wavu wa Alimasi uliungua, wako pia uliungua. Lakini watu walikuwa wamekuona ukishikana mkono na Mzungu, na karatasi ya kwanza ulikuwa nayo wewe. Wakasema umewauza. Ukifika mahali, mazungumzo yanakatika. Bibi yako akienda kuchota maji, bamama wanainua ndoo zao na kuondoka.

Jumapili moja nilikuja kukuona. Ulikuwa umekonda. Ukaniuliza, "Mudogo wangu, ao ni mi nilisema vibaya siku ile? Pengine maneno yangu ilipinda?"

Ungenitukana ningeweza kukiri. Lakini uliniuliza kwa upole, ukijitafutia kosa wewe mwenyewe. Nikajibu, "Pengine, yaya." Mwezi haukuisha ukaondoka.

Ajenti yule alihamishwa zamani. Kuhe wanaonekana tena mlangoni mwa mto, ulisema kweli. Mwezi uliopita ajenti mpya aliita mkutano juu ya soko, na mama mmoja akaongea muda mrefu sana. Nilitafsiri kila neno. Ajenti hakunigombeza. Aliandika maneno ya mama yule, akamwuliza swali, akampa alichoomba. Usingizi umenikimbia tangu siku hiyo. Sijui kama yule wa kwanza angekusikiliza. Pengine angekataa, na nyavu zingechomwa vilevile. Lakini watu wangejua ulichowaombea, na ungekuwa hapa.

Kwa hiyo, kabla ya kuituma barua hii, jana nimeisoma ufukweni mbele ya wavuvi wote, mpaka hapo nilipoandika kwamba ungekuwa hapa. Nilisoma nimesimama, maana nilidhani watanipiga. Hakuna aliyenipiga. Wawili walitema mate, wakaenda zao. Wengine waliangalia chini. Sikuomba msamaha wao, na wako siuombi katika barua. Ukitaka kunijibu nijibu, ukitaka uichane, ichane. Kurudi ni juu yako. Nilitaka tu jina lako lisafishwe na mdomo uleule uliolichafua.

Alimasi alibaki peke yake baada ya wote kuondoka. Sasa ni mzee, anavua kwa ndoano. Nilingoja aseme neno juu yangu. Aliniuliza tu, "Na kule ngambo, Wilondja anavuaka na wavu gani?"

Swali lake nakuletea wewe, yaya. Sijui hata kama bado unavua.

Ukae salama huko uliko, wewe na wote wa nyumba yako.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Etongwe