Redio za Siri za Afande Mkude

Jumatatu, 3 Machi 1997

Redio koli mbili zimerudi tena. Ni zile za siri tulizoiuzia kampuni ya ulinzi. Ukiongea, sauti inavurugwa hewani, na asiye na ufunguo uleule ndani ya redio yake anasikia mvumo tu. Nimechomeka waya, nimefungua programu kwenye kompyuta. Masafa yapo, majina ya vituo yapo. Ufunguo hakuna. Nimeuandika upya, zikaongea. Wiki iliyopita zilikuwa tatu, ugonjwa huohuo.

Afande Mkude, mkuu wa walinzi, ameambatanisha kikaratasi: "Fundi Rehema, ulitusomesha vizuri, sasa mbona hivi?" Kweli, siku ya kuwakabidhi ni mimi niliyetoa somo. Saa nzima, uani kwao Ilala, na makofi wakanipigia. Kikaratasi kimeniudhi.

Jumanne, 4 Machi

Nimebadilisha waya. Nimepakia programu upya kutoka kwenye diski. Nimejaribu kwenye kompyuta nyingine. Kila kitu kizima. Basi kama mashine haina kosa, kosa lina miguu miwili.

Ufunguo tunaujua wawili tu hapa dukani, mimi na Mzee Chilumba. Bwana Jayanti mwenye duka hata kuigusa kompyuta hataki. Mzee Chilumba ndiye aliyenifundisha kulehemu, enzi tukinyofoa spea kwenye redio mbovu, kabla Kariakoo haijafurika kila kitu. Ni mtu wa kimya siku zote. Leo kimya chake sikukipenda.

Jumatano, 5 Machi

Redio nne. Hizi hazijawahi kurudi. Programu inaonyesha siku redio ilipoandikwa mara ya mwisho. Zote nne, 17 Februari, siku ya makabidhiano. Maana yake hakuna aliyezigusa kwa kompyuta.

Au kuna aliyerudisha nyuma tarehe ya kompyuta kwanza. Mtu mwerevu angefanya hivyo. Mzee Chilumba ni mwerevu.

Alipotoka kwenda kula nimefungua droo yake. Haijawahi kutiwa kufuli, mafundi wote tunachukua bisibisi humo. Chini kabisa nimekuta kijidaftari. Majina nisiyoyajua, namba za simu. Moja pembeni yake ameandika: "Ilala, gari."

Alhamisi, 6 Machi

Yametimia. Gari la kampuni lililobeba mishahara limevamiwa na majambazi Ilala. Redio ya garini ilikuwa haina ufunguo, walinzi wakahamia masafa ya wazi na kutaja njia wanayopita. Yeyote mwenye redio ya kawaida angewasikia. Dereva kavunjwa mkono.

Afande kaja mwenyewe. Kiti kakikataa.

"Humu ndani kuna mtu anatuuza," akasema. "Mtafuteni, au nitakuja na polisi."

Alipoondoka nimemweleza Bwana Jayanti habari za kijidaftari. Sikutafuna maneno.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee Chilumba kaachishwa kazi. Hakubisha. Kavaa miwani, kachukua koti, vifaa kaviacha. Mlangoni akaniambia, "Haya mwanangu, baki salama." Asiye na hatia angepiga kelele. Mimi ningepiga.

Jioni nimeziandika redio zote kumi na mbili ufunguo mpya, ninaoujua mimi peke yangu. Sasa tuone.

Jumapili, 9 Machi

Magomeni, nyumbani. Umeme wa mgao, hakuna. Mama kaanika betri za redio yake dirishani zipate nguvu, asije akakosa matangazo ya vifo ya jioni. Nimefua, nimelala mchana. Roho imetulia kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumatatu, 10 Machi

Redio tatu zimerudi. Ufunguo hakuna. Tarehe ya kuandikwa: 7 Machi. Mkono wangu mwenyewe, baada ya mzee kuondoka.

Sijala.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda Ilala bila kuwaarifu. Saa saba mchana, jua kali. Juu ya ukuta wa ua betri nane zimepangwa mstari kama dagaa. Redio zenyewe zimelazwa kivulini, migongo wazi.

Redio hizi hushika ufunguo kwa umeme wa betri. Betri ikitoka zaidi ya dakika moja, ufunguo unafutika, mengine yote yanabaki. Jambo hilo limeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo ya redio. Nililisoma. Sikulisema siku ya somo, kwa kuwa betri huchajiwa ikiwa ndani ya redio, na sikuona nani angeitoa.

Nikauliza nani kawaambia wazianike. Mlinzi mmoja, mtu mzima, akanishangaa.

"Si wewe, dada? Ulisema tuzitunze kama betri za nyumbani. Na umeme wenyewe huu wa mgao, chaja itafanya nini? Tunaanika, mambo yanakuwa poa."

Nilisema. Nilitaka wacheke, wasiiogope mashine. Wakacheka kweli.

Kwa hiyo dereva na mkono wake ni mimi. Na mzee ni mimi.

Jumatano, 12 Machi

Bwana Jayanti na Afande wamenisikiliza hadi mwisho. Afande alishika kichwa. Bwana Jayanti akasema, "Kwa Chilumba nenda wewe. Umwambie ulivyomsema kwangu, na hili la betri umwambie vilevile."

Nimemkuta Feri, soko la samaki, kwenye jiko la mkewe anayekaanga samaki. Alikuwa anapara changu. Nimesimama pale, pikapu ikaja kushusha kuni, mkewe akamkaripia dereva kwamba watu wa Ilala siku zote wanachelewa. Ndiyo hiyo "Ilala, gari" ya kijidaftarini: gari la kuni. Nilitamani ardhi inimeze.

Nimemwambia yote, hata habari ya droo. Aliendelea kupara. Mwisho akasema, "Ungeniuliza tu, Rehema."

Nimelia mbele ya wakaanga samaki wote wa Feri. Hakunibembeleza, na haki yake.

Ijumaa, 14 Machi

Mzee Chilumba karudi kazini. Nimempa shikamoo, akaitikia marahaba. Tumebandika karatasi kwenye kila redio: USITOE BETRI. Yeye alikata, mimi nikagundisha. Afande kazichukua mchana, hadi tunafunga hakuna iliyorudi.

Saa tisa nilihitaji bisibisi ndogo. Nikanyoosha mkono kwenye droo yake kama miaka yote. Ina kufuli jipya.

Nikamwomba. Alifungua, akanipa, akafunga tena. Akarudi kwenye kazi yake, nami nikarudi kwenye yangu.