Nyanchama Si Mtoto wa Kugawiwa

Suna, Migori,
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Zablon,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Liz na mapacha. Natumaini joto la Mombasa halijawaonea na kikohozi cha watoto kimeisha. Huku tu wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu. Likishapata jua anafika mpaka kwenye mahindi kuwafokea tumbiri. Mimi bado nashona pale pale sokoni, na sare za shule zimenijaa mpaka kitandani.

Salamu zimeisha. Sasa nikwambie ukweli: nimekukasirikia hata chakula hakipiti.

Hivi ulifikiri dada yetu Kezia akiwa afisa wa watoto wa serikali, basi watoto wa makao ya yatima ni kuku wa kwetu, uagize mmoja afungwe miguu? Ulimpigia simu meneja wa yale makao ukajitambulisha kuwa kaka yake Kezia, ukasema Kezia ameshakubali yule yatima Nyanchama aje kwako. Meneja naye, kusikia tu jina la dada yetu, hakuuliza karatasi ya mahakama. Akamwambia mtoto afunge nguo. Kisha rafiki yako Werema, aliyekuja soko la Ogwedhi kununua ng'ombe, akaenda kumchukua.

Kezia alifika pale kwa bahati, ana shughuli nyingine. Akamkuta mtoto wa miaka kumi na mmoja amesimama langoni na viatu vya shule, Werema anamfungulia mlango wa gari. Alipomzuia, Werema alicheka. "Madam, si ni ndugu yako amenituma? Uliza yeye." Ndivyo dada yako alivyopata habari.

Nyanchama aliuliza kitu kimoja tu: "Sasa hizi nguo nirudishe kwa sanduku?" Kezia alilia aliponisimulia, na unajua yeye si mtu wa kulia.

Usiniambie ulitaka kumsomesha. Mnataka mtu wa kubeba mapacha. Msichana wa kazi aliye mtu mzima ana mdomo na anadai siku ya kupumzika, na mtoto asiye na mama hadai kitu. Naona aibu hata kuliandika.

Na mtoto huyo ana mtu wake! Kezia amemtafuta shangazi wa mtoto miaka miwili. Ofisi haina gari, na eneo lote hilo wanalihudumia maafisa wawili tu. Aliposikia kwamba shangazi anachekecha dhahabu kwenye machimbo ya Macalder, alikwenda kwa bodaboda mpaka matope yakamshusha, akamalizia kwa miguu, akaambiwa mama huyo alishahama. Mwishowe akampata pale Ogwedhi, anauza maziwa, anaitwa Nyatichi. Kezia amekagua nyumba, amezungumza na chifu, na likizo ya Agosti mtoto alikaa kwa shangazi yake wiki mbili. Ilibaki mahakama tu.

Sasa faili ya Nyanchama imeondolewa mikononi mwa Kezia. Inasemekana anawagawia jamaa zake watoto. Amepewa barua ya kujieleza, afisa mwingine anaanza upya, na Nyatichi ameambiwa asubiri, hakuna anayejua mpaka lini. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini wewe hujaonja hata kijiko. Tunakula sisi.

Na tumemsaidia nini Kezia, sisi wa kwao? Akikataa kuvunja sheria tunasema cheo kimempanda kichwani. Akirudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi hatumuulizi hata kama amekula. Wiki hii analala kwangu. Ameandika barua ya kuacha kazi, iko kwenye mkoba wake, na kila asubuhi namwomba asiipeleke.

Wakubwa wake watakutana Alhamisi, tarehe 25. Andika kwa mkono wako mwenyewe kwamba Kezia hakujua lolote, uape mbele ya wakili, uitume upesi. Usimtume Liz akuandikie. Mama ameambiwa yote, na amesema usimpigie simu mpaka hilo lifanyike.

Mimi pia nina lawama. Mwezi wa nane ulinitumia ujumbe wa sauti kwamba unachukua msichana kutoka kule, na nisimwambie Kezia. Nilidhani ni maneno yako ya kawaida, nikanyamaza. Ningefungua mdomo siku ile, huyu mtoto asingefunga nguo. Nimekiri hilo kwa Kezia.

Kwa hiyo usihangaike kutunga uongo, Zablon. Sauti yako wakubwa wa Kezia wameshaisikia. Ijumaa nilikwenda ofisini kwao nikaiacha simu yangu mezani iwe ushahidi, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu.

Baba mdogo Okemwa anakusalimu, hajui haya bado. Nipigie mapacha busu. Mungu awalinde, asije mtu akawafungia nguo zao bila kuwauliza wanakokwenda.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,
Phelesia