Gunia la Jezi Kutoka Nairobi

Baba Achieng',

Sikuandikii "mpendwa". Utanisamehe, na usiponisamehe pia ni sawa. Gunia lako lilifika Jumatatu kwa treni ya asubuhi. Barua hii sijaitia kwenye bahasha. Nimeikunja tu nikaiweka juu ya jezi ninazokurudishia, ili wachezaji wako watakaofungua gunia waisome kabla yako, maana ni kwa wachezaji ulikojipatia jina.

Unakumbuka mtaa wetu wa Obunga? Chumba kimoja, mtoto mmoja, na seti moja ya jezi nyeupe iliyotumika kwa mazoezi na kwa mechi. Anayechagua jezi nyeupe kwa udongo mweusi wa Kisumu hajawahi kufua. Nilikuambia hivyo siku ile ulipozileta, ukacheka. Miaka minne, kila Ijumaa, nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango, karai mbele yangu, sabuni ya kipande mkononi, jezi kumi na nane. Wewe ulikuwa ndani na redio.

Ukifua nguo za watu wale wale kila wiki, unawajua. Nilijua nani anakimbia na nani anatembea. Siku moja nikakuita nikakuonyesha kaptura ya namba tatu, safi vilevile ilivyotoka mikononi mwangu wiki iliyotangulia, na mvua yote ile.

"Huyu haanguki," nikasema. "Beki gani haanguki? Angalia goti yake, iko kitu anaficha."

"Wewe unafua ama unasoma gazeti?" ukaniuliza.

Lakini ulienda ukaangalia. Goti lilikuwa limevimba, na kijana alilificha asije akapoteza nafasi. Ukampumzisha, ukaingiza mwingine, tukaacha kufungwa ovyo. Watu hadi Kisian wakaanza kusema kocha ana jicho.

Halafu namba kumi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Alikuwa mgeni kutoka upande wa Busia, hajui Kijaluo, na wenzake waliitana uwanjani kwa Kijaluo. Nikifua, niliona kila jezi ina alama ya kiganja cha matope, begani au chini ya kwapa, mahali mtu alishikwa akainuliwa. Jezi yake ilikuwa na matope mgongoni kuliko zote, ila kiganja hakuna. Niliichunguza wiki tatu ndipo nikakuambia.

"Huyu kijana anaanguka na hakuna mtu anamwinua. Hiyo si timu, Baba Achieng'. Hao ni watu tu wamevaa nguo moja."

Ukaongeza sauti ya redio. Kesho yake mazoezi yakabadilika. Mtu akianguka, aliye karibu amwinue kwanza ndipo mpira uendelee, na asiyemwinua azunguke uwanja mara tano. Kabla ya msimu kufika katikati, namba kumi alikuwa akifunga na wenzake wakimrukia shingoni. Siku hizo nilifua jezi yake yenye viganja pande zote, nikafurahi peke yangu pale kwenye karai. Mwaka ule tukachukua kombe la mkoa.

Sherehe ilikuwa Kombewa, nyumbani kwa mwenyekiti wa timu. Ulisimama na suti ya kuazima. Ukamshukuru mwenyekiti, ukamshukuru pasta, dereva wa lori, hadi yule aliyekuwa akijaza mpira upepo. Mtu akauliza ile sheria ya kuinuana uliitoa wapi. Ukasema Mungu alikuonyesha ukiwa unaoga. Mimi nilikuwa hatua nne nyuma yako na sufuria ya wali, vidole vimechubuka kwa sabuni. Erokamano, asante yetu ya hapa, ni neno moja tu. Ulilitoa mara nyingi siku hiyo na hata moja halikunijia. Nilikuchukia pale pale, nikaendelea kupakua.

Ndipo Nairobi wakakuita. "Wiki mbili tu nakuja kuwachukua," ulisema, na mtoto akaenda kuaga wenzake shuleni. Alikuwa darasa la pili. Sasa yuko la tano na bado anaulizwa mbona hajaenda. Nilimzika mama yangu bila wewe. Vijana wako wa zamani walikuja wote, na namba kumi alishika jeneza upande wa kichwa, mahali pako. Gauni langu ukilikagua leo halina alama ya kiganja chako begani.

Nasikia huko jezi zinafuliwa na mashine. Nasikia pia mmefungwa mechi tano mfululizo, na Jumamosi hii mkifungwa tena unafukuzwa. Ndiyo sababu ukanikumbuka. Gunia la jezi nyeupe zilizochafuka, na kikaratasi kimoja: "Mama Achieng', angalia hizi uniambie shida iko wapi. Usifue kwanza." Hakuna salamu. Jina la mtoto umelitaja kwa kuwa limo ndani ya langu.

Nimeziangalia. Nilizitandaza zote kwenye nyasi, moja moja, nikakaa kwenye kigoda kile kile. Haikuchukua muda. Vijana, msiwe na hofu, hakuna mgonjwa kati yenu. Lakini shida iko wazi, nayo ni ya kurekebishwa kwa mazoezi mawili. Kocha wenu ningemwambia kwa erokamano moja, hata ya kuchelewa, hata ya uongo.

Uliandika nisifue kwanza. Nilichota maji nikazifua mara mbili, nikazianika, nikazipiga pasi. Hizo hapa, Baba Achieng', nyeupe kabisa. Kagua mwenyewe.

Ubaki huko huko.

Mama Achieng',
aliyekuwa akikufulia