Nukta Nyekundu Makaburini Jeddah

Bakari ndugu yangu,

Wamerusha nyingine. Nimeitazama peke yangu, ndani ya gari, nje ya duka la vitambaa hapa Riyadh, nikimsubiri madam, mke wa tajiri wangu. Satelaiti ya kuonyesha njia, imefungiwa kwenye ncha ya roketi, moshi umetanda chini, halafu ile hesabu ya kurudi nyuma. Nikaanza, "Kumi, tisa, nane," kama tulivyozoea, wewe chumbani kwako Kandara, kule Jeddah, na mimi huku, tunapigiana kelele kwenye simu. Nilipofika tano nikanyamaza. Nilikuwa nakusikiliza wewe, bwana, na hapakuwa na mtu.

Ulikuwa mwendawazimu wa maroketi. Dereva wa lori la maji! Tulikuja Saudia na ndege moja, tukagawanywa, wewe Jeddah mimi Riyadh, na tangu hapo kila ikirushwa unanipigia, salamu hakuna: "We Hamisi, washa simu! Watu wetu wanapanda!" Ati watu wetu, kwa sababu dereva ugenini hajui mtaa wala namba ya nyumba, anajua lokeshen ya kwenye simu tu. Wewe ndiwe uliyenieleza kwamba satelaiti hizo zinabeba saa, zinatangaza wakati kutoka huko juu, na simu ikizisikia nne inajua iliposimama. Nikakuuliza, na ikishajua, itanitoa hapa? Ukacheka mpaka ukakohoa.

Tangu uondoke, kafili, huyo tajiri wangu, amefunga kifaa cha kunifuatilia garini. Amechora mpaka kwenye simu yake, nyumba, shule ya watoto, soko, basi. Nikiuvuka simu yake inalia, na yangu inafuata: uko wapi? Pasipoti anayo yeye. Satelaiti zetu, Bakari, zile tulizozipigia makofi, ndizo zinazonichunga kama mbuzi. Nakasirika, wallahi. Kuna siku nakukasirikia hata wewe.

Moyo wako uliposimama ghafla vile, niliomba ruhusa nije kukuzika. Akasema mafi, hakuna, kesho watoto wana shule. Wakakuzika alasiri ile ile bila mimi. Juma, yule fundi cherehani uliyekaa naye chumba kimoja, ndiye aliyesimama kichwani mwa kaburi lako akanitumia lokeshen, maana huku kaburi haliandikwi jina, ni jiwe tu. Nukta nyekundu. Nikaihifadhi kwa jina lako. Kila nikiwasubiri watoto nje ya shule naifungua, inanionyesha barabara yote mpaka ulipo, na mimi siwezi kuvuka hata mtaa wa pili. Inauma, kaka. Acha tu.

Halafu familia ya kafili wakatamani bahari. Wao wakapanda ndege, mimi nikaambiwa nilete gari Jeddah. Njia nzima naongea peke yangu, nakupangia maneno. Lo! Nafika hotelini, kafili keshachora mpaka mpya, na makaburi yameachwa nje.

Ijumaa, baada ya chakula, wote wakalala. Nikaliangalia lile gari, nikajiambia, hebu ngoja, kifaa kimefungwa garini, hakikufungwa mwilini mwangu. Nikaliacha pale pale, nikaingia teksi ya kuchangia hadi mtaa wa Bani Malik, kisha nyingine. Nageuka nyuma kila mara kama mwizi, na sijaiba kitu.

Makaburini nikafuata nukta. Bakari, nukta haitulii! Nikisimama inahama, hatua mbili huku, tatu kule. Mawe matatu yamepangana, hayana jina hata moja, na simu inakuweka kwenye hili, mara kwenye lile. Nampigia Juma, hapokei. Maroketi yote yale, moto wote ule, halafu yanakosea kwa urefu wa mtu aliyelala. Nikatamani uwepo nikutukane, ucheke.

Simu ikalia. Nikadhani ni Juma. Kumbe kafili: "Yalla, leta gari, madam anataka kutoka."

Sikuwa na nafasi ya kuchagua. Nikawaombea dua wote watatu, nikashika udongo wa kila mmoja, nikalia pale katikati yenu kama mtoto. Nikakuita kwa sauti. Kisha nikakimbia barabarani kutafuta teksi.

Sasa niko Riyadh tena, ndani ya mpaka ule ule. Mkataba haujaisha, pasipoti iko kabatini kwake. Lakini nakuahidi, siku nitakayopewa ruhusa ya kuondoka moja kwa moja, napita Jeddah kwanza. Nitamshika Juma mkono anisimamishe pale pale aliposimama yeye, nami nitakaa na wewe mpaka nichoke.

Lala salama, kaka. Mungu akupe nafasi huko, mimi huku sina. Na hao majirani zako wawili, kama walishangaa mtu kuwalilia kwa jina lako, niombee radhi. Waambie ni mdogo wangu huyo, kaitwa na kafili wake kabla hajanipata.

Hamisi wako