Kengele Kumi za Kiyotaka

Noshiro, 8 Februari 1999

Kwa mdogo wangu Kiyotaka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Shingo inaendeleaje? Sisi huku hatujambo, ingawa theluji ya mwaka huu imetuzidi. Imefika madirishani, na kila asubuhi nachimba njia ya wateja kabla sijawasha boila. Baba anakula vizuri. Upande wake wa kulia bado umelala tangu kile kiharusi, lakini maneno yameanza kurudi mojamoja, na la kwanza kurudi ni "hapana". Supu hapana, soksi hapana, daktari hapana. Usicheke, wewe huna kazi ya kumvisha soksi.

Hamamu yetu ya kuogea watu iko vilevile. Nakaa kwenye kile kiti cha juu katikati, wanaume kushoto, wanawake kulia, naona yote na sisemi kitu, kama alivyofanya mama. Mzee Sugawara kinyozi huja na gazeti la mieleka na kulisoma kwa sauti akiwa ndani ya maji. Juzi alisema, "Tokie, mdogo wako kaangushwa tena ulingoni juu ya mataa ya vioo. Mwambie akibakiza moja aniletee, ya dukani kwangu imeungua." Watu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikaenda kwenye boila nikalia.

Sasa nisikilize. Unamkumbuka Yatabe wa Hirosaki, yule mwenye shamba la matufaha, aliyefiwa na mkewe? Ameniposa. Nina miaka arobaini na sita na nimeposwa, Kiyotaka, nikiwa nimeshika ndoo. Nilimwambia siwezi kumwacha baba, na baba hataki mtu baki aguse boila lake. Amesema atanisubiri mpaka mavuno.

Ukirudi wewe, mimi naondoka. Usiporudi, nitazeekea kwenye kiti hiki. Sikulazimishi, ila nimeona afadhali nikwambie waziwazi kuliko ukae ukidhani dada yako anapenda mvuke.

Wako,
Dada Tokie


Kawasaki, 2 Machi 1999

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu, na hongera. Nimeisoma barua yako njia nzima kwenye treni, nikacheka peke yangu mpaka mwanafunzi aliyekaa karibu nami akahama kiti. Ingawa huenda alihamishwa na uso wangu. Mimi sijambo. Nimeshonwa kipaji cha uso tena, lakini hapo hapana tena ngozi ya kuhesabika, daktari anashona uzi juu ya uzi.

Dada, nataka kurudi. Siyo kwa ajili yako tu, nisijifanye mtu mwema. Vidole vya mkono wa kushoto, ninaoshikia vijiti vya chakula, vimekufa ganzi. Wali nakula kwa kijiko kama mtoto, na nimewaambia vijana wa kikundi chetu cha mieleka kwamba ni mtindo wangu mpya. Daktari alinionyesha picha ya shingo. Akasema nikianguka vibaya mara moja, nitakuwa kama baba, tena pande zote mbili.

Utauliza kwa nini basi siachi. Nimemwendea bosi Onodera mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Naingia ofisini nimeshupaa, ananikaribisha chai, ananiambia kwa jina letu la ukoo, "Obara, baada ya ziara ijayo." Na mimi natoka nimeinama nikimshukuru. Unajua alivyoniokota. Wale wakubwa wa mieleka wa Tokyo walinipima urefu wakanifukuza, yeye akanipa ulingo, akanipa na seng'enge badala ya kamba za ulingo. Sasa jina langu ndilo linalojaza ukumbi. Wanaokula kwa jina hilo ni wengi, hata Kanzaki, kijana niliyemlea mwenyewe, ambaye mkewe amejifungua majuzi. Nikiondoka, nawang'oa wote.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa nje hawalielewi. Ukimtupa mwenzako juu ya vioo, wewe ndiye unayemshika kichwa kisitangulie. Watazamaji wanaona chuki, kumbe ni kama kumbeba mtoto. Kanzaki bado hajajua kumshika mtu vizuri. Nani atamfundisha?

Lakini nitamwendea bosi tena. Mbusu baba, hata akisema hapana.

Mdogo wako,
Kiyotaka


Noshiro, 20 Machi 1999

Mdogo wangu,

Hujambo na vidole vyako? Huku theluji inayeyuka na barabara zote ni tope. Baba yuko vilevile.

Sikupenda barua yako. Umenieleza vizuri sana kwa nini huwezi, kama mtu anayesifia gereza lake. Bosi kakuokota, sawa. Uliokotwa una miaka ishirini na miwili, na sasa una nywele za mvi. Hata paka wa kuokotwa siku moja huachiwa alale juani. Na huyo Kanzaki ana miguu yake.

Mimi namgeuza baba kitandani kila asubuhi. Najua uzito wa mwanamume asiyeweza kujigeuza. Ukija kuwa hivyo, atakayekugeuza ni mimi huyuhuyu. Kwa hiyo ukianguka vibaya, tumeanguka wawili.

Sikukusudia kukuandikia kwa ukali, lakini ndivyo ilivyotoka na karatasi sina nyingine.

Dada yako


Kawasaki, 11 Juni 1999

Dada,

Shikamoo ya heshima kabisa, nimepiga magoti. Habari za huko? Huku mvua za Juni zimeanza, na ukumbi wa mazoezi unanuka soksi za watu wote waliowahi kupita humo.

Nimepata.

Niliichukua barua yako nikaiweka mbele ya bosi, nikamwambia, "Soma, mimi maneno yamenishinda." Alisoma ule mstari wa kuanguka wawili, akavua miwani. Akasema, "Dada yako angefaa kuwa meneja wangu." Kisha akachukua kalenda. Tarehe 25 Septemba, hapa Kawasaki, nitapigana mara ya mwisho na Kanzaki, halafu nitapigiwa kengele kumi.

Wewe hujawahi kuja, kwa hiyo nikueleze. Mwanamieleka akistaafu husimama katikati ya ulingo, taa zinazimwa isipokuwa moja, watu wananyamaza, na kengele inapigwa mara kumi, polepole, kama tunavyompigia mwenzetu aliyefariki. Ya kumi ikishalia, jina lako linasomwa mara ya mwisho na umekwisha. Hapo hata bosi hana la kukwambia. Wapo waliorudi baadaye, najua, lakini hao walitaka kurudi. Mimi nataka kuwasha boila.

Kwa desturi yetu anayeondoka hushindwa na mdogo wake wa ulingoni, ndiyo namna ya kumkabidhi nyumba. Kanzaki hajui nitakavyoanguka, lakini nitaanguka vizuri, usiogope. Nimekuwekea viti viwili vya mbele. Mlete huyo wa matufaha, nimwone kama ana mabega ya kubeba ulimi wako.

Mdogo wako anayekuja nyumbani,
Kiyotaka


Noshiro, 30 Agosti 1999

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo, hujambo, hujambo? Sisi ni wazima na zaidi ya wazima. Nimemjibu Yatabe ndiyo. Aliuliza kama napenda matufaha machachu au matamu, nikajua hana maneno mengine, maskini. Tutafunga ndoa Novemba, mavuno yakiisha.

Baba nilimwambia nikimkausha mgongo. Nikasema, "Kiyotaka anarudi, atashika boila." Nilingoja hapana yake. Akaniangalia, akasema, "Aje." Ni neno jipya hilo, sijalisikia tangu augue. Tangu siku ile analirudia kwa kila anayeingia, hata mtu wa gesi. Mzee Sugawara naye amekwishaanza uchokozi: "Sasa tutaoga na jini. Afadhali, maana ukuta ule ulihitaji picha mpya na huyu ana ramani ya makovu mgongoni." Lakini alikuja na wembe mpya, akasema ni wa kukunyoa wewe siku utakayofika, bure.

Nimefungasha vitu vyangu. Havikujaza hata sanduku moja, na sikuhuzunika. Mke wa Sugawara atakaa na baba siku ya pambano. Yatabe na mimi tutakuja kwa treni ya asubuhi.

Nitafumba macho mkianza kupigana. Nitayafumbua kwenye kengele.

Dada yako


Noshiro, 18 Oktoba 1999

Kiyotaka,

Natumaini u mzima. Baba ni mzima. Nimengoja barua yako tangu siku ile na haikuja, basi naandika mimi.

Sikufumba macho. Niliona yote, damu, vioo, na jinsi ulivyomshika kichwa yule kijana kila mlipoanguka, kama ulivyoniambia. Niliona ulipojiachia akakulalia, na mwamuzi akapiga ulingo mara tatu kumhesabia ushindi. Nikasema moyoni, imekwisha. Taa zikazimwa ikabaki moja, kengele zikaanza kulia. Watu wazima walikuwa wanalia karibu yangu, hata Yatabe alikuwa anapangusa miwani.

Halafu Kanzaki akaidaka kengele kwa mikono yake miwili isilie. Akachukua kipaza sauti. Alilia kama mtoto: "Kaka, leo mkono wako haukunishika vizuri. Umeniachia. Umenipa ushindi, na mimi sitaki cha kupewa. Siupokei. Kabla hujaondoka nishinde kweli, au nikushinde kweli. Januari, hapahapa, seng'enge pande zote. Unakuja au huji?"

Ukumbi ukalipuka. Na wewe ukasimama pale, ukageuza kichwa huku na huku. Ulikuwa na neno moja tu la kusema, Kiyotaka. Baba anasema hapana kwa nusu ya mdomo. Wewe ukachukua kipaza sauti ukasema, "Wakati wowote, mahali popote."

Kengele hazikufika kumi. Nilisikia watu wakizihesabu wakitoka, wengine wanasema sita, wengine saba, wanacheka kwa furaha.

Yatabe amerudi Hirosaki. Nimefungua sanduku nimetoa nguo za baridi. Baba bado anasema "aje" kwa kila anayeingia.

Niambie kwa nini.

Dada yako


Kawasaki, 9 Novemba 1999

Dada,

Shikamoo. Natumaini wewe na baba mko salama, na baridi haijawa kali.

Nimeanza barua hii nikaichana, mara nyingi. Sina utetezi wa maana. Jibu lile nimelitoa tangu ujana wangu. Mtu akikuita mbele ya watu kwa kipaza sauti, unajibu, kama mtu anavyojibu salamu. Desturi yetu haina jibu la hapana. Asiyejibu hukumbukwa kwa hilo tu.

Bosi hakupanga. Najua utamshuku. Alikuwa kando ya ulingo analia, na baadaye alimpiga Kanzaki kofi nyuma ya pazia. Kijana akabaki anasema, "Nilidhani namheshimu." Alikuwa ananiheshimu kweli. Aliniponyoka mkononi, akahisi, akadhani nimemdharau. Sikuwa nimemwambia kuhusu vidole. Sasa mabango ya Januari yako kila kituo cha treni, na Kanzaki hawezi kuniangalia usoni. Nikijitoa, atazomewa yeye maisha yake yote kama aliyeharibu kengele za mkubwa wake. Kwa hiyo nitaingia. Daktari nimeacha kwenda, maana najua atakachosema.

Lakini dada, si hivyo tu, na hili ndilo lililonifanya nichane karatasi. Alipouliza "unakuja au huji", mimi nilikuwa nimeshafumba mdomo. Nilikuwa nimeamua. Nikasema moyoni, nimtazame dada kwanza, nipate nguvu ya kukataa. Nikakutafuta kwenye kiti cha mbele. Yatabe alikuwa amekaa, mikono magotini. Wewe ulikuwa umesimama juu ya kiti.

Sikuweza kusikia kwa kelele zile. Niliona mdomo wako tu. Ulikuwa unasema nini?

Mdogo wako,
Kiyotaka


Noshiro, 12 Desemba 1999

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi na baba hatujambo. Theluji imeanza tena.

Nilikuwa naita jina lako. Obara, Obara, kama wao. Nilipiga kelele mpaka koo likapasuka, siku tatu nilikuwa naongea na wateja kwa ishara.

Yatabe aliniuliza swali hilohilo ndani ya treni. Alininunulia chai, akaangalia nje mpaka tulipoagana. Hakunilaumu. Amenitumia sanduku la matufaha na barua fupi ya adabu, na humo ndani neno la ndoa halimo.

Nimejiuliza sana kwa nini. Mimi ndiye niliyetaka uache kuliko mtu yeyote duniani, hata kuliko wewe. Nilikuwa na sanduku langu limefungwa mlangoni. Lakini watu wote walikuwa wamesimama, na wewe ulikuwa pale chini ya taa ile moja, mdogo wangu, damu imekujaa usoni, na sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Nimekaa kimya kwenye kiti hiki miaka yote, kisha mdomo ukafunguka, na kilichotoka ni hicho. Nilifurahi, Kiyotaka. Nilipokuwa nakuita nilifurahi kuliko siku niliyoposwa. Hilo ndilo ninalokuomba unisamehe, maana kelele peke yake ningeweza kusema nilipitiwa.

Mwambie Kanzaki kuhusu vidole vyako kabla ya siku. Mwambie leo. Akijua, atakushika.

Tiketi ya Januari uliyonitumia nairudisha humu ndani. Mpe mtu mwingine. Usidhani nimekukasirikia. Nikija, nitakuita tena.

Dada yako,
Tokie