Ukuta Uliooshwa na Mvua

Furaha, mujukuu wangu,

Huku Lubunga tuko wazima. Papa yako amerudi kuvua, na mimi bado ninagombana na kuku kwenye mboga zangu za lengalenga. Unauliza nyumba yetu ya wamama ilisimama namna gani bila mfadhili.

Tulikuwa wasichana, miaka michache kabla ya uhuru. Kuta tulizichora kwa udongo mwekundu, mweupe, na makaa. Kila mvua kubwa ilizifuta, na sote tulirudi kuchora upya. Mikono ikiwa imeshachafuka, tuliingia bustani ya nyumba ile kupalilia. Mboga zililisha nyumba, nyingine zikavuka mto kwa pirogi hadi sokoni.

Mwaka mmoja tukaleta rangi ya mafuta kutoka mjini. Ee, iling'aa! Mvua ikanyesha, ukuta haukujali. Lakini hakuna mutu alikuja, na magugu yakameza bustani.

Rafiki yangu Zaina akashika panga, akaanza kukwangua rangi ile.

"Bon, sasa kazi iko," alisema. "Muwaite wenzetu."

Wakaja wote, wakicheka.

Unaniandikia kwa furaha kwamba kituo chenu cha wamama huko kimekamilika, hakuna kilichobaki. Mama, ukuta mmoja muuache wa udongo.

Koko wako, mwenye mikono michafu hadi leo